Kutajwa si Kusikilizwa: Maneno ya Mahakamani na Yalikotoka

Mwezi wa sita baridi ya Mbeya haina adabu. Asubuhi moja, kabla ya saa mbili, nilikuwa nafungua steshenari yangu jirani na mahakama nikamkuta mama mmoja ameketi kwenye ngazi na wazee wawili, wote wamejitanda mablanketi. Walitoka Isongole, kule Rungwe, na gari la alfajiri. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mwanangu, nitolee kopi mbili."

Mashine ikiwa inapata moto, nikaisoma. Mama alimkopesha mfanyabiashara wa hapa mjini magunia ya viazi, lumbesa zile zinazofungwa kilemba juu, akaahidiwa kulipwa baada ya wiki mbili. Ukapita mwaka. Maandishi hayakuwapo. Wazee wale ndio walioona magunia yanapakiwa, na nauli yao, chai na chapati zilitoka mfukoni mwa mama. Kwenye karatasi paliandikwa tarehe ya siku ile, na mbele yake neno moja: kutajwa.

"Mama, leo hawasikilizi mashahidi. Leo kesi inatajwa tu."

"Wataitajaje bila kuisikiliza?"

Saa nne na nusu walikuwa wameshatoka. Kesi ilikuwa imepigwa kalenda hadi mwezi uliofuata, na mzee mmoja alikuwa anauliza kama gari la saa tano bado lipo.

Kesi inapotajwa, mahakama inaangalia imefikia wapi. Je, upande wa pili umepata samansi, yaani wito wa mahakama? Umejibu? Kama ni jinai, upelelezi umekamilika? Dakika tatu, nne, halafu tarehe nyingine. Ushahidi hautolewi. Siku ya kusikilizwa ndiyo mashahidi wanapanda kizimbani. Mwenye kesi anapaswa kufika siku zote mbili, maana asipoonekana shauri lake linaweza kufutwa, ila mashahidi wa kutoka mbali ni wa siku ya kusikilizwa. Mama hakuwa mjinga. Nyumbani kwake, kama kwangu, jambo likitajwa mbele ya wazee ndiyo limeanza kusikilizwa.

Kwa miaka niliyokaa kwenye dirisha hili nikichapa barua na hati za watu, nimeona kwamba neno gumu halimponzi mtu. Akisikia "afidaviti" atauliza ni mdudu gani. Anayeponzwa ni yule aliyesikia neno analolijua tangu utotoni, akaamini kwamba mahakamani lina maana ileile.

Chukua mdai na mdaiwa. Mtaani mdaiwa ni mwenye deni. Mahakamani ni yule aliyeshtakiwa katika kesi ya madai, awe ana deni au hana. Mfanyabiashara wa viazi alinijia siku chache baadaye na karatasi yake, amefura: "Naitwaje mdaiwa wakati bado hawajanisikiliza?" Nilimwelewa. Jina lenyewe linamhukumu kabla ya hakimu. Lakini asili ya neno haina deni ndani yake. Dai limetoka kwenye Kiarabu, katika mzizi unaohusu kuita, ndimo ilimotoka dua pia. Anayedai na anayeomba dua wote wanaita. Kama kuna wa kuitika ni suala jingine.

Maneno mengi ya mahakamani yalipanda kwetu kutoka pwani yakiwa na sura hiyo ya Kiarabu. Hakimu, hukumu, mahakama na hekima ni mtoto, baba, nyumba na shangazi wa ukoo mmoja: herufi za h, k na m. Mzizi huo unahusu kuzuia na kutawala, na Waarabu wa kale waliutumia hata kwa lijamu, kile chuma cha mdomoni mwa farasi. Sheria kwa asili ilikuwa njia ya kuendea maji, na mtu aliyewahi kuchunga ng'ombe Usangu wakati wa kiangazi hahitaji kufafanuliwa kwa nini njia hiyo ilipewa heshima. Waarabu walilitumia kwa sheria ya Kiislamu. Waswahili tukalifungua kwa sheria yoyote, hata ile ya usalama barabarani.

Kanuni imetembea zaidi ya yote. Kwa Wagiriki ilikuwa ufito wa kupimia, Waarabu wakaichukua, sisi tukaichukua kwao. Leo, kiserikali, sheria hutungwa na Bunge na kanuni hutungwa chini ya sheria hiyo, kwa kawaida na waziri. Ukishazoea hivyo unakutana na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ambayo jina ni kanuni na yenyewe ni sheria kamili. Wanafunzi wa sheria wanaokuja kuchapa kazi zao kwangu wanachanganyikiwa hapo, na sina la kuwasaidia zaidi ya kucheka nao.

Halafu kuna hati na hatia, ambazo watu huzidhania ndugu kwa sababu mtu akitiwa hatiani hupewa hati. Si ndugu. Hati ni mstari, mwandiko. Ndiyo tuliyoibandika kwenye miliki tukapata hatimiliki. Hatia ni kosa, hata dhambi. Na kosa lenyewe ni neno letu la Kibantu, lile lile la kukosa basi stendi ya Nane Nane: umelenga, hukupata. Jinai ni Kiarabu tena, na kitenzi chake cha asili kina maana mbili, kutenda uovu na kuchuma matunda. Wachuma chai wa Rungwe wasiwe na wasiwasi.

Neno ninalolipenda kuliko yote ni shauri. Kwa asili ni kutaka maoni, kukaa na watu na kupima jambo. Humo mna ushauri, mshauri, na halmashauri inayokusanya ushuru wa viazi pale kizuizini. Wajerumani walipoingia nchi hii walilikuta, wakalipenda, wakaliandika Schauri katika barua na ripoti zao kana kwamba ni la kwao. Lakini maana waliigeuza. Shauri la boma, yaani ofisi ya utawala, lilikuwa siku ofisa wa Kijerumani anapoketi, watu wanasimama mbele yake na magomvi yao, na yeye anakata. Ushauri ukabaki kwenye jina tu. Wazee wengine bado husema "kupelekwa bomani" wakimaanisha kushtakiwa. Boma la Iringa, ambalo Wajerumani walilijenga mwaka 1914 liwe hospitali ya jeshi na Waingereza wakalifanya ofisi za utawala, sasa ni makumbusho. Unalipa kiingilio kuingia mahali ambapo babu zako wangelipa watoke.

Leo karani akiandika "shauri la madai namba fulani" anamaanisha kesi, basi. Hata hivyo maana ya kwanza haikufa, na ndiyo inayowachanganya watu. Nimewasikia wakisema, "Twende tukapate shauri," wakitegemea kwamba hakimu atakaa nao kama mzee wa ukoo, atauliza chanzo cha ugomvi, atamkemea huyu na kumtuliza yule. Hakimu hawezi. Yeye anapima kilicholetwa mbele yake. Kazi ile ya kupatanisha sheria imeiweka mahali pengine. Bodi ya usuluhishi wa ndoa, kwa mfano, ambayo kwa kawaida lazima uipitie kabla ya kuomba talaka chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Au baraza la kata, ambalo tangu mabadiliko ya mwaka 2021 halikati tena migogoro ya ardhi, linasuluhisha tu, likishindwa linakuandikia uende mbele. Baraza nalo, kabla ya kuwa chombo, lilikuwa kibaraza cha nje cha nyumba za pwani, pale wageni wanapokaa kwa kahawa.

Kabla ya bomani kulikuwa na njia nyingine za kutafuta ukweli nyanda hizi, na nyingine zilikuwa za kutisha. Wanyakyusa walikuwa na umwafi, dawa ya sumu aliyonyweshwa mtuhumiwa: akitapika yuko safi. Siyo jambo la kulilia. Ila ukitaka kujua kwa nini kuapa mbele ya hakimu bado kunawatetemesha wazee wa huku, anzia hapo. Kiapo ni neno la Kibantu, halikuazimwa popote, na ndugu yake ni kuapiza. Mtu anayeapa kwa kinywa chake anajua amegusa nini. Mahakama ilipolichukua na kulifanya "hati ya kiapo", yaani hiyo afidaviti, likawa karatasi yenye muhuri, na vijana wanasaini kama wanasaini risiti ya mbolea.

Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika walikuja na mzigo wao. Tarehe 22 Julai 1920 ndiyo sheria za Kiingereza zilipopokelewa hapa, na nyingine zilipitia India kabla ya kutufikia. Sheria ya Mikataba tunayoitumia imefuata ile ya India ya mwaka 1872. Ndipo zilipoingia kesi, korti, jaji, faini, rumande, bondi, jela. Gereza halimo katika msafara huo. Hilo lilitangulia karne kadhaa, kutoka kwa Wareno, na kwao igreja ni kanisa. Kwanza tuliliita hivyo jengo la ngome, ngome zikafungiwa watu, na jina likabaki na wafungwa.

Kuna wanaoona aibu kwamba lugha yetu ya sheria ni ya kuazima. Waingereza hawakuona. Judge, court na prison waliyapata kwa Wafaransa baada ya kutawaliwa na Wanormani mwaka 1066, na kwa karibu miaka 300 mkulima wa Kiingereza aliendeshewa kesi yake kwa Kifaransa. Mwaka 1362 bunge lao ndipo lilipopitisha sheria kwamba kesi zisemwe kwa Kiingereza, kwa sababu watu hawaelewi kinachosemwa juu yao. Sisi tumefika hapo mwaka 2021. Mahakama za mwanzo zilikuwa za Kiswahili siku zote, lakini huko juu hakimu alikuuliza kwa Kiswahili, ukamjibu kwa Kiswahili, naye akaandika kwa Kiingereza. Ukitaka kujua ulichokisema ukatafute mtu wa kukutafsiria maneno yako mwenyewe. Jaji Zephrine Galeba, akiwa Mahakama Kuu Musoma, aliandika uamuzi kwa Kiswahili, na mwanzoni mwa mwaka ule Rais Magufuli akampandisha kwenda Mahakama ya Rufani. Miezi michache baadaye sheria ikabadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama.

Nilifurahi. Lakini kwenye dirisha langu maswali hayakupungua, yalibadilika. Sasa watu wanaelewa kila neno na bado wanatoka wamepotea.

Mfano ni "ana kesi ya kujibu". Likisomwa redioni tu, mtaa mzima unasema kijana wa watu kafungwa. Wala. Katika jinai upande wa mashtaka ndio unaoanza kuleta mashahidi. Wakimaliza, mahakama inajiuliza: kwa haya tuliyosikia, kuna jambo linalomlazimu huyu afungue kinywa? Kama hakuna, anaachiwa palepale. Kama lipo, ana kesi ya kujibu, maana yake zamu yake ya kujitetea imefika. Mzigo wa kuthibitisha bado uko kwa aliyemshtaki, tena pasipo kuacha shaka. Majina ya mtu yanabadilika kadiri safari inavyokwenda: akiwa mikononi mwa polisi ni mtuhumiwa, akishasomewa mashtaka ni mshtakiwa, akiwekwa ndani kusubiri kesi ni mahabusu. Mfungwa ni baada ya hukumu ya kifungo. Magazeti yetu yanayachanganya kila wiki, na mtu aliyeandikwa mfungwa leo akiachiwa kesho, kijijini wanasema amehonga.

Mahabusu huyo anatafuta dhamana, na hapo ndipo fedha za watu zinapotea. Dhamana kwa asili ni kujifunga kwa ajili ya mwingine. Ndiyo maana waziri naye ana dhamana ya wizara. Hakimu akisema mdhamini asaini bondi ya milioni tano, hazitolewi milioni tano. Mdhamini anakuja na kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa au kijiji, anasaini kwamba mshtakiwa asipotokea, yeye ndiye atakayedaiwa kiasi hicho. Mzee mmoja wa Mbozi alishakubaliana na mnunuzi ampe kahawa ikiwa bado mtini, bei ya kutupa, ili "akanunue dhamana" ya mwanawe. Alikuja kwangu kuandikiwa mkataba wa mauzo, nikamwomba kwanza aende kumuuliza karani. Alirudi jioni na mwanawe, hakuuza hata debe moja. Benki nayo inaita dhamana ile nyumba au shamba unaloweka ukikopa, na huko ni kweli mali inaweza kuondoka. Neno moja, mizigo miwili.

Kwenye mirathi maneno ni ya kawaida, ugomvi ndio mkubwa. Mirathi, mrithi na urithi ni mzizi mmoja wa Kiarabu. Msimamizi ni Kiswahili kitupu, anayesimama juu ya jambo. Kikao cha ukoo kinakaa, kinampendekeza mtoto mkubwa, mahakama inamteua, naye anarudi nyumbani akitangaza, "Mimi ndiye niliyepewa mirathi." Hakupewa mirathi. Amepewa kazi: akusanye mali ya marehemu, alipe madeni yake, agawe kwa warithi, kisha arudishe hesabu mahakamani. Anaweza hata asiwe mrithi kabisa. Nimeandika barua za malalamiko za wajane wa Makambako na wa Kyela zinazofanana kama zimetolewa kopi, na zote zimeanzia kwenye neno hilo moja. Heri tungeliita mtumishi wa mirathi, tuone nani angekimbilia.

Rufaa haina shida kubwa, ila hapa Mbeya tuna Hospitali ya Rufaa, na wapo wanaodhani rufaa ya kesi inafanana na ya mgonjwa: unahamishiwa kwa wakubwa wakupime upya. Mahakama ya juu kwa kawaida haiiti mashahidi upya. Inasoma yaliyoandikwa kule chini na kutafuta kosa. Ushahidi uliouacha nyumbani utabaki nyumbani. Na kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya una siku 30, ambazo mtu humaliza akizunguka kwa vishoka wanaojiita mawakili.

Mama wa Isongole nilimwona tena siku ya kusikilizwa. Wazee wake wawili walizungumza vizuri. Shahidi, kwa Kiarabu kilikotoka, ni aliyekuwapo akaona, na sheria yetu ya ushahidi inamtaka huyohuyo. "Nilisikia wanasema" haina nafasi. Walikuwapo, waliona, walihesabu magunia. Upande wa pili ulisema hakuna mkataba kwa kuwa hakuna karatasi. Kweli mkataba umetoka katika mzizi wa kuandika, pamoja na kitabu, katibu na katiba, na nadhani ndiyo sababu watu wengi wanaamini mkataba ni karatasi. Lakini sheria inaangalia kama watu wenye akili timamu wamekubaliana kwa hiari, kwa malipo na kwa jambo halali. Yapo mambo ambayo lazima yaandikwe, ardhi kwa mfano. Viazi vilivyokwisha kupokelewa si mojawapo. Mama akashinda.

Baada ya miezi miwili alikuja tena na nakala ya hukumu ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa ameenda dukani kwa yule mfanyabiashara, akamwonyesha, naye akaisoma na kumrudishia.

"Si nimeshinda, mwanangu?"

"Umeshinda mama. Sasa unaomba kukazia hukumu."

Akarudia neno lile kama analionja. Kukazia. Kama kamba ya lumbesa, nikamwambia. Imeshafungwa, lakini bila kuikaza viazi vitamwagika njiani. Ni maombi mengine, ya kuiomba mahakama ilazimishe malipo, na ikibidi dalali wa mahakama akamate mali iuzwe. Hukumu haijitekelezi.

Alinyamaza, kisha mzee aliyemsindikiza, Mhehe aliyeolea Rungwe, akasema kwamba hilo analijua, wao walilisubiri la Mkwawa. Nilicheka, baadaye nikaona ana hoja. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikufa mwaka 1898 na Wajerumani wakaondoka na fuvu lake. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ule wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ibara ya 246, uliitaka Ujerumani iwakabidhi Waingereza fuvu hilo ndani ya miezi sita. Imeandikwa, imesainiwa na mataifa makubwa ya dunia. Gavana Edward Twining alilileta Kalenga mwaka 1954.

Nikawasha mashine, nikamuuliza mama anataka kopi ngapi za hukumu. Akasema tatu.